Vijinyama vya utumbo mpana: Rejista za Stockholm na funzo kwa Afrika Mashariki

Saratani ya utumbo mpana ni miongoni mwa saratani chache ambazo huweza kuzuiwa kabla hazijazaliwa. Lakini ilichukua miongo mingi ya ubishi, na subira kubwa ya kuandika majina na kuhesabu, hadi wataalamu walipokubaliana kuhusu chanzo chake.

Mwaka 2008, idara ya afya ya eneo la Stockholm na kisiwa cha Gotland, nchini Sweden, ilianza kuwatumia wakazi wenye umri wa miaka 60 hadi 69 bahasha kwa njia ya posta. Ndani yake mlikuwa na vifaa vya kuchukulia chembe za kinyesi nyumbani na maelezo ya jinsi ya kuzirudisha maabara. Wengi wa waliopelekewa bahasha hizo hawakuwa wagonjwa na hawakuwa na dalili yoyote.

Kilichotafutwa ni damu isiyoonekana kwa macho. Na nyuma ya damu hiyo kulikuwa na jambo jingine: vijinyama vinavyoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana, ambavyo madaktari huviita polipu.

Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, watu wapatao milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana na puru katika mwaka 2022, na zaidi ya laki tisa walifariki kutokana na ugonjwa huo. Ni saratani ya tatu kwa wingi wa wagonjwa, na ya pili kwa wingi wa vifo. Nyingi miongoni mwake zilianza zikiwa kijinyama kidogo, ambacho kingeweza kuondolewa katika muda wa dakika chache.

Ukuta usiopumzika

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa takriban mita moja na nusu. Ukuta wake wa ndani umefunikwa na utando wa seli ambazo hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache. Katika kazi hiyo ya kujijenga bila kupumzika, makosa hutokea. Seli iliyopoteza breki zake huendelea kugawanyika wakati ambapo ilipaswa kukoma, na hatimaye hutokea uvimbe mdogo. Baadhi ya vijinyama huning'inia kwa kikonyo mfano wa uyoga, na vingine hulala bapa kiasi cha kumpita jicho daktari asiye makini.

Vijinyama hivyo havifanani kwa tabia. Viko vile vya haipaplasia, ambavyo kwa kawaida ni vidogo na havina hatari kubwa. Ziko adenoma, ambazo zikitazamwa kwa hadubini huonekana ama zikiwa na muundo wa mirija, ama wa vidole vingi vilivyosongamana, ama mchanganyiko wa miundo hiyo miwili. Aidha kuna aina yenye kingo mfano wa meno ya msumeno, ambayo umuhimu wake ulitambuliwa baadaye sana.

Vijinyama vilivyo vingi havigeuki saratani hata siku moja. Vichache vinavyogeuka huchukua muda mrefu, mara nyingi miaka kumi au zaidi. Katika muda wote huo mwenye navyo huenda asihisi maumivu wala kuona mabadiliko yoyote. Hata damu inapoonekana chooni, watu wengi huiita bawasiri na kuendelea na shughuli zao.

Ubishi wa miaka mingi

Wazo kwamba saratani ya utumbo huanzia katika vijinyama si geni. Mwaka 1928, katika Hospitali ya St Mark's mjini London, daktari wa upasuaji John Percy Lockhart-Mummery na mtaalamu wa patholojia Cuthbert Dukes waliandika kuhusu mabadiliko yanayotangulia saratani katika utumbo mpana na puru. Hospitali hiyo ilikuwa pia imeanza kuandikisha koo zilizoandamwa na ugonjwa wa kurithi, ambao mtu huota mamia au maelfu ya vijinyama tangu ujana wake. Asipotibiwa, mtu wa aina hiyo huwa karibu na uhakika wa kupata saratani, mara nyingi kabla ya kufika uzeeni.

Hata hivyo, si wote waliosadiki kwamba yanayozipata koo hizo chache ndiyo yanayompata mtu wa kawaida. Nchini Marekani, mwaka 1958, madaktari Spratt, Ackerman na Moyer walichapisha hoja kwamba uhusiano kati ya vijinyama vya kawaida na saratani ulikuwa umetiwa chumvi. Miaka minne baadaye, Castleman na Krickstein wa mjini Boston waliuliza waziwazi iwapo adenoma za utumbo hugeuka saratani kweli.

Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Vijinyama ni vingi mno kuliko saratani. Isitoshe, hapakuwa na njia ya kumwacha mtu na kijinyama chake, kukitazama mwaka baada ya mwaka, kisha kushuhudia kikigeuka kuwa ugonjwa wa kuua. Kukikata kwa uchunguzi ni kukiondoa, na kukiondoa ni kukatiza hadithi kabla haijafika mwisho.

Mwaka 1975, wataalamu Muto, Bussey na Morson wa St Mark's walikusanya ushahidi wa maelfu ya vipande vya utumbo vilivyohifadhiwa hospitalini hapo. Walionyesha saratani changa zikiwa zimezungukwa na mabaki ya adenoma, na kwamba hatari huongezeka kadiri kijinyama kinavyokuwa kikubwa na kinavyokuwa na muundo wa vidole. Mwaka 1988, Bert Vogelstein na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walifuatilia mabadiliko ya jeni hatua kwa hatua, kutoka kwenye adenoma ndogo hadi saratani kamili. Na mwaka 1991 iligunduliwa jeni iitwayo APC, ambayo ikiharibika ndipo huzuka ugonjwa ule wa kurithi uliokuwa ukiandikishwa London.

Jicho lafika ndani ya utumbo

Wakati mjadala huo ukiendelea, vyombo vya kuonea ndani ya mwili vilikuwa vikibadilika. Katika mji wa Malmö, kusini mwa Sweden, mtaalamu wa eksirei Sölve Welin aliendeleza katika miaka ya 1950 njia ya kujaza utumbo mpana kwa dawa ya bariamu pamoja na hewa. Picha za njia hiyo zilionyesha vijinyama vidogo ambavyo eksirei za kawaida hazikuweza kuvibainisha, na wageni kutoka nchi nyingi walikwenda Malmö kujifunza.

Lakini eksirei huonyesha tu, haiondoi. Hatua kubwa ilipigwa mjini New York mwaka 1969, pale madaktari William Wolff na Hiromi Shinya walipoondoa kijinyama ndani ya utumbo mpana kwa kutumia kitanzi cha waya chenye umeme, kilichopitishwa ndani ya mpira mwembamba wenye taa. Mgonjwa hakupasuliwa tumbo. Kipimo hicho ndicho kijulikanacho leo kwa jina la kolonoskopi.

Kuanzia hapo, swali la zamani liliweza kuulizwa kwa namna mpya. Ikiwa saratani huanzia katika vijinyama, basi watu wanaoondolewa vijinyama wanapaswa kupata saratani chache. Mwaka 1993, utafiti wa Marekani uliowafuatilia wagonjwa 1,418 walioondolewa adenoma ulitoa jibu: saratani zilipungua kwa asilimia kati ya 76 na 90, zikilinganishwa na idadi iliyotarajiwa.

Taifa linaloandika kila jina

Hapo ndipo Sweden, na hasa mji wake mkuu Stockholm, ilipokuwa na silaha ambayo nchi nyingi tajiri hazikuwa nayo. Silaha hiyo ilikuwa daftari.

Sweden ilianza kukusanya takwimu za watu wake kwa utaratibu wa kitaifa mwaka 1749, kwa kuwatumia makasisi wa parokia walioandika kila aliyezaliwa na kila aliyefariki. Mwaka 1947, kila mkazi alipewa namba ya utambulisho ya maisha yake yote. Mwaka 1958 ilianzishwa rejista ya saratani ya taifa, na madaktari pamoja na maabara za patholojia wakatakiwa kutoa taarifa ya kila mgonjwa mpya. Rejista hizo huunganishwa kwa namba ileile moja. Aliyekatwa kijinyama mwaka fulani katika mji mmoja anaweza kufuatiliwa miaka ishirini baadaye, hata kama amehamia upande wa pili wa nchi.

Faida ya utaratibu huo ilionekana kwanza katika koo zenye ugonjwa wa kurithi. Hospitali ya Karolinska mjini Stockholm ilikuwa makao ya rejista ya taifa ya koo za namna hiyo. Mgonjwa mmoja alipogunduliwa, jamaa zake waliitwa wachunguzwe. Tofauti ilikuwa kubwa katika nchi zote za Skandinavia zilizofanya hivyo: wale waliofika hospitali wenyewe kwa sababu ya dalili, wengi tayari walikuwa na saratani, ilhali miongoni mwa jamaa walioitwa mapema saratani ilikuwa nadra. Ukoo ulikuwa mmoja na jeni ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni nani aliyetangulia kufika, daktari au saratani.

Kutoka Göteborg hadi Stockholm

Kuita jamaa wa koo chache ni jambo moja, na kuita watu wa taifa zima ni jambo jingine. Mwaka 1982, mjini Göteborg, magharibi mwa Sweden, ulianzishwa utafiti uliohusisha watu wapatao 68,000. Nusu yao waliitwa kupima damu iliyojificha katika kinyesi na nusu hawakuitwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba vifo vya saratani ya utumbo mpana vilipungua kwa asilimia 16 katika kundi lililoitwa.

Mwaka huohuo ndipo mpango wa Stockholm na Gotland ulipoanza. Mwaka 2015, kipimo cha zamani kilibadilishwa kwa kipimo kipya kinachotambua damu ya binadamu pekee, na ambacho huhitaji chembe kutoka choo cha siku moja tu. Urahisi huo ulivutia watu zaidi kushiriki. Sehemu nyingine za Sweden zilichelewa. Bodi ya taifa ya afya na ustawi wa jamii ilipendekeza mwaka 2014 kwamba watu wa miaka 60 hadi 74 wapimwe nchini kote, lakini mikoa mingi ilianza utekelezaji miaka kadhaa baadaye.

Si kwamba kila anayeitwa huitika. Katika utafiti mwingine wa Sweden uliofanywa kati ya mwaka 2014 na 2020 katika mikoa 18 kati ya 21, watu wa miaka 60 waliitwa kwa njia mbili tofauti. Walioitwa kufanyiwa kolonoskopi moja kwa moja, takriban asilimia 35 walikubali. Walioitwa kupima kinyesi nyumbani, zaidi ya asilimia 55 walishiriki. Haya na woga vina uzito wao, hata katika nchi ambayo matibabu hugharimiwa kwa sehemu kubwa na serikali.

Rejista zilisema nini

Mwaka 2020, watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Stockholm, akiwemo Profesa Jonas Ludvigsson, pamoja na wenzao wa Boston, akiwemo Mingyang Song, walichapisha hesabu ambayo isingewezekana bila madaftari hayo. Waliunganisha taarifa za maabara zote 28 za patholojia za Sweden na rejista za saratani na za vifo. Walipata watu 178,377 waliogunduliwa kuwa na vijinyama, wakawalinganisha na watu zaidi ya laki nane wa umri na jinsia inayolingana.

Miongoni mwa watu wa kulinganishwa, asilimia 2.1 walipata saratani ya utumbo mpana katika muda wa miaka kumi. Kwa waliokuwa na vijinyama vya haipaplasia, kiwango kilikuwa asilimia 1.6, yaani chini ya watu wa kawaida. Kwa wenye adenoma za mirija kilikuwa asilimia 2.7. Kwa wenye adenoma za mchanganyiko kilipanda hadi asilimia 5.1, na kwa wenye adenoma za muundo wa vidole kikafikia asilimia 8.6. Wale wa vijinyama vya kingo za msumeno walikuwa asilimia 2.5, lakini hatari yao ya kufa kwa saratani hiyo ilizidi ile ya watu wa kawaida.

Tarakimu hizo zina maana kubwa kwa mgonjwa. Neno "kijinyama" peke yake halitoshi kumtisha mtu wala kumtuliza. Linalotakiwa kujulikana ni aina yake, ukubwa wake na idadi yake, kwani hayo ndiyo yanayoamua iwapo mtu arudi kuchunguzwa baada ya miaka mitatu, baada ya miaka kumi, au asirudi kabisa.

Mwaka uliofuata, watafiti haohao waligeukia jamaa. Walibaini kwamba mtu ambaye mzazi, ndugu au mtoto wake amewahi kuwa na kijinyama ana uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana unaozidi wa wengine kwa takriban asilimia 40, na unaozidi hapo iwapo jamaa wenye vijinyama ni wawili au zaidi.

Wakati huohuo, rejista hizohizo hupunguza shauku inayopita kiasi. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa kolonoskopi uliohusisha Norway, Sweden na Poland. Baada ya miaka kumi, saratani ilipungua kwa asilimia 18 katika kundi lililoitwa, kutoka watu 120 hadi 98 katika kila watu elfu kumi. Kupungua kwa vifo hakukuwa kukubwa kiasi cha kuthibitishwa kitakwimu. Sababu mojawapo ni kwamba ni asilimia 42 tu ya walioitwa ndio waliofika.

Kampala ilitangulia

Msikilizaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba habari hizi ni za Ulaya pekee. Historia inasema vingine. Rejista ya saratani ya Kampala ilianzishwa mwaka 1951, miaka saba kabla ya ile ya Sweden.

Kampala ndiko alikofanya kazi Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, anayekumbukwa zaidi kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958. Katika Hospitali ya Mulago, Burkitt aliona jambo jingine: saratani ya utumbo mpana na vijinyama vyake vilikuwa nadra mno kwa Waganda, ilhali vilikuwa vya kawaida kwa Waingereza. Mwaka 1971, akiwa amerudi Uingereza, aliandika kwamba sababu ni chakula. Mlo wa vijijini, wenye makapi mengi ya nafaka, mboga na mizizi, hupita upesi tumboni na kutoa choo kikubwa na laini.

Hoja yake imepingwa na kurekebishwa, kwa sababu uchache wa wagonjwa ulitokana pia na uchache wa vipimo na wa watu waliofikia uzee. Lakini haikufa. Mwaka 2015, watafiti waliwabadilishia mlo kwa wiki mbili Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini. Katika muda huo mfupi, dalili za hatari katika utando wa utumbo zilipungua kwa waliokula mlo wa Kiafrika wenye makapi mengi, na ziliongezeka kwa waliokula mlo wa Kimarekani wenye nyama na mafuta mengi.

Hivi sasa miji ya Afrika Mashariki inabadili mlo wake pasipo kungoja mtafiti. Katika hospitali za Dar es Salaam, Muhimbili na Ocean Road, idadi ya wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliongezeka kwa kiwango kikubwa kati ya mwaka 2005 na 2015. Wengi katika ukanda huu hufika wakiwa bado na umri wa kufanya kazi, na ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Kando ya Ziwa Victoria kuna utata wa ziada, kwani kichocho cha tumbo nacho huotesha vijinyama vya uvimbe vinavyotoa damu. Hivyo ni vya aina nyingine, lakini dalili zake zaweza kumficha mgonjwa wa saratani miongoni mwa wengi.

Rejista ya Kampala ilivurugwa na misukosuko ya Uganda ya miaka ya 1970 na 1980, kabla ya kufufuliwa. Ya Stockholm haikukatika. Hiyo ndiyo tofauti iliyozaa maarifa haya, zaidi hata ya mashine za kolonoskopi, ambazo bado ni chache na ghali katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki.

Hata hivyo, sehemu ya kazi ya rejista yaweza kufanywa na familia. Matokeo ya Sweden yanaonyesha kuwa habari ya mzazi au ndugu aliyekatwa kijinyama, au aliyekufa kwa ugonjwa wa utumbo, ni habari ya kitabibu kwa walio hai. Katika nyumba nyingi za Waswahili, maradhi ya sehemu hizo za mwili hayasemwi mbele ya watoto, na mara nyingi mzee huzikwa pamoja na jina la ugonjwa wake. Daktari anapouliza iwapo kuna mwingine katika ukoo aliyeugua hivyo, kijana hubaki kimya kwa kuwa hakuambiwa, na uchunguzi ambao ungepaswa kumfikia mapema humpita.